Kamera Mbili za Gharib

Harusi nyingi za mjini Unguja hazikuanza mpaka Bi Nadra afike na kamera yake. Kwenye sherehe ya wanawake mwanamme hakanyagi, na mabibi wakishavua mabaibui hawamwamini kila mtu na sura zao. Yeye walimwamini. Alishawapiga picha kina mama siku zao za harusi, kisha akawapiga binti zao.

Mwaka 2004 maharusi walianza kudai picha za dijitali. Tena picha zake za filamu, alizozilenga kwa jicho na mkono, zilikuwa zikitoka na ukungu, naye akimgombeza msafishaji wa filamu: "Dawa zako zimechacha!" Basi akaenda Mkunazini, dukani kwa Gharib, aliyerudi kutoka Dubai na kamera mbili.

"Shikamoo, Bi Nadra."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nizione."

Moja ilikuwa kubwa, nzito kama jiwe la kusagia, ya wapigapicha wa magazeti. Ya pili nyepesi, ya plastiki, ya mtu wa kawaida anayewapiga picha wanawe pwani.

"Hii kubwa ndo ya kazi," alisema Gharib. "Hii ndogo inafaa, ila haitaki vishindo."

Bi Nadra aliinua kubwa. Mkono ulitetemeka, moyo ukaipenda. Tundu lake la kuchungulia lilikuwa pana, lenye mwanga. Alimwona Gharib, japo kwa kufifia. Akachukua ndogo, akachungulia tundu lake jembamba. Weupe mtupu, kama tui limemwagwa kiooni.

"Hii mbovu."

Gharib akachungulia yeye. "Mbona nzima? Nnasoma mpaka kibao cha duka la ng'ambo."

Akamrudishia. Bi Nadra akaifuta kwa ncha ya mtandio, akachungulia tena. Tui lile lile.

"Jaribu jicho jengine," alisema Gharib.

Maisha yake yote alipigia jicho la kulia. Akaihamishia kushoto, na lile duka likamrukia: kibao, kufuli, nzi juu ya kufuli.

Akaishusha kamera taratibu. Akalifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akamtazama Gharib hivi hivi. Gharib hakuwa na uso.

"Gharib," alisema. "Sikuoni."

Akakaa juu ya kasha. Gharib akamletea maji; akayashika asiyanywe.

"Harusi ya Kawthar," alinong'ona. "Wallahi nilimwapia mamake kuwa ni dawa za filamu. Kumbe ni mimi. Mwaka mzima nnapiga picha, kumbe sioni!"

Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, atapasuliwa zamu yake ikifika. Lakini Wanu, biharusi wa Chukwani, hakuweza kungoja. Bi Nadra alichagua kamera ndogo, maana kwa mkono unaotetemeka ile kubwa isingetulia. Alipigia jicho la kushoto, pua imebanwa kwenye kioo cha nyuma, na kila picha aliikagua kwa hofu kabla ya kupiga nyengine.

"Bi Nadra, leo mbona unatutazama upande upande?" aliuliza Wanu.

"Nimehamia nyumba ya pili, mwanangu."

Ukumbi ukacheka. Yeye alicheka pia, huku vidole vimemganda kwenye kamera. Picha zilitoka safi, na Wanu akaagiza nyengine za jamaa zake wa Fumba.

Baada ya kupasuliwa, bandeji ilipotolewa, alipiga ukelele hata muuguzi akaruka: shuka ambalo jicho la kulia lililiona la kijivu sasa lilikuwa la buluu. Hata hivyo, mpaka anastaafu aliendelea kupigia jicho la kushoto. La kulia, alisema, lilishamdanganya mara moja.