Mtihani Aliofeli Makusudi

Kabla msimu haujaanza, kila msichana wa timu alipimwa akili kwenye kompyuta. Anaonyeshwa maneno, yanafichwa, anaulizwa aliyaona yapi. Maumbo, vilevile. Rangi ikibadilika abonyeze kitufe upesi awezavyo. Matokeo yanahifadhiwa, ili siku akigongwa kichwa uwanjani apimwe tena na yalinganishwe. Akishuka, hachezi. Nilipoelezwa hivyo nilisema, hapa kweli watu wamefikiri.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa anaingia kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mkononi na kuangushana, katika ligi ya wasichana huku Rexdale, pembezoni mwa Toronto. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Siku moja nilishuka basi la Kipling nikitoka zamu ya bohari, nikawaona wakifanya mazoezi, nikasimama kwenye uzio nikasahau kwenda nyumbani. Mistari miwili ya wasichana, wameinama, kimya kabisa, halafu ghafla wote wanafyatuka. Mimi nililelewa nikiambiwa msichana abane magoti. Hawa walikuwa wanaangushana kwenye matope na kuinuana wakicheka. Nilitaka wangu awe mmoja wao. Sitajifanya sikutaka.

Siku mbili baada ya kipimo, mtaalamu wa tiba wa timu alinipigia simu. Mama mpole, sauti ya kubembeleza.

"Matokeo yake yako chini kidogo kwa umri wake," akasema. "Nilitaka kuuliza, nyumbani mnazungumza lugha gani?"

"Kiswahili."

"Ah. Labda ndiyo sababu. Huenda maneno ya Kiingereza yanamchelewesha."

Nilimwambia mtoto huyu amezaliwa hapa hapa Toronto, na Kiswahili anakisikia tu. Hata nikimgombeza ananijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia kama anatafuta mjinga asimtafute ndani ya lugha yangu. Akaomba radhi mara tatu. Akauliza kama mtoto anaweza kurudia kipimo. Arudie ili mseme nini tena? Nikakataa, nikakata simu, nikajiona mama kwelikweli.

Mwezi wa pili wa msimu akagongwa. Niliona kwa macho yangu. Msichana mkubwa alimjia ubavuni, wangu akaanguka, helmeti ikapiga chini, akakaa pale kidogo. Kisha akainuka na kuonyesha kidole gumba. Kocha, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu ambaye aliucheza mchezo huu ujanani, alimtoa hapo hapo wala hakusikiliza kilio. Nilimpenda kwa hilo. Mtoto akapumzika wiki nzima, akapimwa tena. Matokeo: sawasawa na kipimo chake cha mwanzo. Maumivu, alisema hana. Akaruhusiwa kuanza mazoezi taratibu, na mambo yakienda vizuri acheze nusu fainali Jumamosi.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimwambia nikiwa nakatakata vitunguu: "Tundika begi langu, toa maziwa kwenye friji, halafu niletee unga." Tangu akiwa na miaka minne namtupia mambo matatu kwa mkupuo, naye huyafanya yote huku akiimba. Siku hiyo alitundika begi, akasimama.

"Ulisema nini kingine?"

Nikarudia. Akafungua friji, akasimama tena, amefinya macho kwa ile taa ya ndani kama mtu anayetazama jua.

Nikaweka kisu chini.

"Kaa hapa. Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Niangalie."

Hakuniangalia. "Mama, si nilipita mtihani."

"Nimekuuliza kichwa, sijakuuliza mtihani."

Akafunga mlango wa friji. Halafu akasema, "Nilipita kwa sababu ule wa kwanza nilifeli makusudi."

Akanieleza vizuri kabisa, kama mwalimu. Usikosee sana, mashine itakushuku. Jibu mawili sawa, la tatu ukosee. Kwenye rangi, vuta pumzi kwanza ndipo ubonyeze. Hivyo siku ukigongwa, utaonekana hujashuka. Wasichana wakubwa ndio waliowafundisha wadogo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Nimekuwa na hasira nyingi maishani, lakini ile ilikuja imechanganyika na kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Watu wazima wenye vyeti ukutani wametengeneza mashine, na mtoto wangu ameizunguka kabla ya chakula cha mchana. Amechukua akili yake mwenyewe, akapunguza kiasi alichotaka, akakificha. Nilitazama kichwa chake, nywele nilizozisuka mwenyewe, nikastaajabu kwamba yote hayo yalikuwa yakitendeka humo, chini ya vidole vyangu. Na humo humo ndimo walimogonga. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa mkono uleule.

"Nawe ulikataa nisirudie," akasema. "Nilidhani unajua."



Kesho yake nilikwenda naye mazoezini, hadi katikati ya uwanja. Nilianza na yule mtaalamu, kwa sababu yeye nilimkosea.

"Ulikuwa sahihi kutaka arudie," nikamwambia. "Sababu yako tu ndiyo ilikuwa ya kijinga."

Akatabasamu. Aliposikia yaliyobaki, tabasamu likaisha, akaenda kumwita kocha.

Kocha aliwapigisha wasichana magoti, helmeti mikononi. Hakufoka. "Mwenzenu hachezi Jumamosi. Nataka kujua nani mwingine alikosea makusudi. Simfukuzi mtu."

Binti yangu akainua mkono, ingawa yake yalishajulikana. Kisha nahodha. Kisha mikono ikaendelea kuinuka mpaka nikaacha kuitazama iliyo juu, nikatafuta iliyobaki chini. Ilikuwa minne.

"Mimi nilikosea kidogo tu, Kocha," mmoja akasema.

"Wewe ulikosea yote," jirani yake akamjibu, "na haikuwa makusudi."

Wakacheka. Kocha hakucheka. Akatoa simu, akampigia kocha wa timu pinzani mbele yao. "Jumamosi hatuji. Hapana, wachezaji wapo, nawatazama hapa. Sijui vichwa vyao vikoje, basi." Nimewaona watu wazima wengi wakilinda kazi zao. Huyu alitupa nusu fainali kama anamwaga maji.

Baadaye aliniambia mwakani wadogo wote atawahamishia kwenye futiboli ya utepe: kila mtoto anafunga tepe kiunoni, na ukitaka kumzuia unachomoa tepe, humgusi mwili.

"Utakuwa mchezo uleule?"

"Sijui. Wazazi wengine watahama, hilo najua." Akayapapasa magoti yake. "Wahame."

Binti yangu alikuja taratibu, helmeti inamburuza mkono. Alikuwa amelia na hakutaka nione.

"Mama, kinauma," akasema. "Tangu siku ile hakijaacha."

Nikampokea helmeti. Sikuwahi kujua uzito wake.