Kisima cha Mgeni Wetu

Kwa neema ya Mungu nimeishi kijijini Issuna hadi mvi zimenijaa, na kila kiangazi maji yetu tumeyachimba kwenye mchanga wa korongo. Kila nyumba ina kisima chake. Ukimaliza kuchota unakifunika kwa matawi ya miiba, mifugo isitumbukie. Jambo hili hatufundishwi, tunakua tunaliona.

Miaka ya karibuni alihamia karibu nasi mtu aliyekimbia machafuko Burundi, na mkewe na binti yao mdogo. Alisali nasi kanisani, akiishi kwa vibarua vya kulima. Kisima chake alikichimba kirefu kuliko vyote vyetu.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, alizeti ikatoa vichwa vidogo. Vibarua vikapungua, na kwenye foleni ya mashine ya kukamua mafuta maneno yakaanza, kwamba kazi zote anapewa mgeni. Kijana mmoja akasema, "Yeye kawakimbia wenzake, na mvua imemkimbia yeye." Watu wakacheka. Baada ya muda kicheko kikaisha, maneno yakabaki.

Kisha ndama wa jirani yangu akatumbukia kwenye kisima cha mgeni, akafa. Kisima kilikuwa wazi. Kwao, alinieleza baadaye, maji hutoka kwenye chemchemi za mlimani na hakuna anayeyafunika. Lakini mchana ule hakuna aliyemwuliza. Walisema amemtega ndama makusudi. Nilipofika kwake, nikitoka kuwaombea wagonjwa, paa lilikuwa linawaka na vijana wenye fimbo walikuwa wamemzunguka. Yeye alikaa chini, damu usoni, na mkewe alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake.

Nikasimama katikati. Wengi wa vijana wale niliwafundisha mimi mafundisho ya kipaimara.

"Nani kati yenu alimwonyesha kufunika kisima?"

Mwenye ndama akasema, "Mzee, hilo nalo ni jambo la kuonyeshwa?" Kisha mwenyewe akashusha fimbo yake, na za wenzake zikafuata.

Jioni tukaisindikiza ile familia hadi Singida mjini, waumini wa huko wakaipokea.

Kiangazi kilipokaza, visima vyetu vikakauka. Cha mgeni hakikukauka. Tukachota pale sote, na mwenye ndama ndiye aliyekuwa akiondoa miiba asubuhi na kuirudisha jioni. Siku moja akanijia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nakuomba ukamwambie arudi. Paa nitaliezeka mimi."

Nilikwenda Singida nikiwa na matumaini. Mgeni wetu alinipokea kwa furaha, tukasali, mkewe akaleta uji. Nikampa ule ujumbe. Akamtazama binti yake, ambaye tangu nilipopiga hodi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Mtoto huyo kanisani alizoea kukaa mapajani mwangu.

"Mzee, mwambie nimemsamehe, tena kwa moyo wote. Ila huyu akisikia sauti za watu nje anajificha hivyo hivyo. Siwezi kumrudisha."

Sikumsihi. Nilimshukuru Mungu kwa msamaha wake, nikamaliza uji wangu. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama kisima kinafunikwa.

"Kinafunikwa kila jioni," nikamwambia.

"Vizuri. Waambie wasichimbue pembeni wakati wa kuchota. Mchanga ule utabomoka."