Mwatiko Aliyeombwa Angani

Siku ile jino lilikuwa limenivimbisha shavu, nikawa nasafiri kwenda Tarawa, kisiwa kikuu, kuling'oa, na mwenye jino bovu hana subira na samaki wa mtu. Nilipomwona jirani yangu Nei Teraaiti akifika kiwanja cha ndege cha kisiwa chetu, Nonouti, amepakiwa nyuma ya pikipiki na ndoo kaikumbatia kifuani, nilijiambia kimoyomoyo: sasa huyu mama amechanganyikiwa kabisa.

Ndani ya ndoo alikuwamo Katekista. Ni samaki, mwatiko, mrefu kidogo kuliko kiganja changu, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake unafunguka na kufungika kutwa nzima na hakuna ajuaye anasema nini. Sisi samaki huyo tunamla. Tunamla asubuhi, mchana na jioni, na akikosekana tunanuna. Kumfuga bwawani anenepe, sawa. Lakini kumpa jina, kumlisha nazi iliyokunwa kwa ncha ya kidole, halafu usimle, hilo lilikuwa la Nei Teraaiti peke yake, na kijiji kizima kilimcheka.

Hata hivyo, kijiji kilijua jambo lilikoanzia. Bwawa lilikuwa la marehemu mumewe, Ten Arobati (kwetu Nei ni Bi, Ten ni Bwana), aliyelijengea ukuta wa mawe kwa mikono yake. Mwaka aliofariki, maji makuu yalipanda yakaubomoa ukuta, na samaki wote wakajiendea zao baharini. Asubuhi mjane alikwenda kutazama, akamkuta mmoja tu anazungukazunguka kwenye kona. "Wote wameondoka," aliniambia, "huyu kabaki." Kisha kisima chake nacho kikaingia chumvi. Binti yake, Nei Buraieta, akamsihi ahamie kwake Tarawa, naye akakataa kila alipoombwa. Alikubali aliposikia kwamba nyuma ya nyumba ya binti, kule Temaiku, kuna bwawa.

Ndege yetu ni ndogo, kwa hiyo abiria anapimwa kwenye mizani pamoja na kila alichobeba. Mpimaji ni Tebwai, na Tebwai hajawahi kuiacha nafasi ya kusema ikapita.

"Nini hicho, mama?"

"Samaki."

"Mkavu au wa chumvi?"

"Yu hai."

Tebwai akachungulia ndani ya ndoo. "Ala! Sasa huyu nimwandike abiria au mzigo?"

"Mwandike utakavyo, mradi apande."

"Na shelisheli umebeba? Maana kitoweo tayari tunacho."

Watu wakacheka. Mimi nikajaribu kucheka, jino likanikanya. Tebwai akaitazama mizani, akatikisa kichwa. "Mama, maji ni mazito. Umezidisha. Mwaga nusu, au uache hilo kasha lako."

Hakufikiri mara mbili. Alilisukuma kasha la nguo pembeni kwa mguu. "Litakuja na meli."

"Na nguo za kanisani je?" nilimuuliza.

"Mungu keshaniona na hizi."

Tulikaa pamoja, yeye na ndoo katikati ya miguu, mimi na shavu langu dirishani. Upande wa pili alikaa Ten Kaburoro, mdogo wake marehemu Arobati, akienda Betio, hukohuko Tarawa, kwenye karamu ya mjukuu wake anayetimiza mwaka. Kaburoro ni mtu ambaye akipita kijijini watu huficha viatu. Si mwizi. Anaomba.

Tukaruka. Nei Teraaiti alitoa kikombe, akawa anachota maji ya ndoo na kuyamwaga tena humohumo kutoka juu, chururu, chururu, ili yapate hewa. Asingefanya hivyo, Katekista angefika Tarawa tumbo juu. Ndege ikiruka kwenye mawingu, maji yananimwagikia mimi. Kaburoro alikuwa ametulia, anatazama kikombe kikipanda na kushuka.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

"Lile bwawa lilikuwa la kaka yangu."

"Lilikuwa lake."

"Kesho meza ya wazee haina mwatiko. Nakuomba kwa bubuti, nipe huyo."

Ombi la bubuti si kama la kuomba chumvi kwa jirani. Ndugu akikuomba kwa neno hilo, unatoa, na anayekataa jina lake hutafunwa vibarazani hata akishazikwa. Mimi nimewahi kutoa baiskeli, sufuria, hata nguruwe wa Krismasi, na kila mara nilitoa huku namtukana mtu moyoni.

Nei Teraaiti alimtazama samaki wake. Kisha akainua ndoo kwa mikono miwili, akaipitisha.

"Mchukue, shemeji."

Nilitamani kumng'ata Kaburoro, laiti ningekuwa na jino la kufanyia kazi hiyo. "Shoga," nikanong'ona, "kesho atakuwa kwenye sahani!"

"Nyamaza. Kaomba, nimetoa."

Mikono yake aliirudisha mapajani ikakaa imepanuka, kama bado inashika ndoo. Baada ya muda akaona Kaburoro kaduwaa tu. "Mchotee maji, shemeji, umwage kutoka juu. Ukimwacha hivyo atakufa." Akampa na kikombe. Kaburoro akachota, ndege ikatikisika, maji yote yakamwagikia suruali, tena mahali ambapo mwanamume hapendi kuonekana amelowa. Hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti.

Tulipotua Bonriki, kiwanja cha ndege cha Tarawa, kabla hatujaondoka karibu na ndege, Nei Teraaiti alisimama mbele ya Kaburoro.

"Shemeji, nami nina bubuti."

Kaburoro akaikumbatia ndoo. Mimi nikamfinya mwenzangu mkono, maana kuomba tena kitu ulichokwisha toa ni aibu kuliko kunyima. Alinipangusa kama nzi.

"Samaki simtaki, ni wako. Naomba roho yake. Usimle. Mlishe nazi kwa kidole, asubuhi na jioni, umbadilishie maji ya bahari, mpaka afe siku yake ikifika."

Abiria wote walisimama. Hakuna aliyekumbuka mizigo.

"Shemeji," Kaburoro akasema taratibu, "mimi nafikia kwa mkwe, Betio. Mle ndani watu wanalala kwa zamu! Nitamweka wapi, chini ya mto?"

"Sijui. Nimekuomba."

"Na nazi pale zinanunuliwa!"

"Nimekuomba, shemeji."

Akaitazama ndoo, akaitazama suruali yake, akatutazama sisi tuliokuwa tunamtazama. "Basi. Nimekubali," akasema, akaondoka. Nei Teraaiti alisimama palepale, akimsindikiza kwa macho. Kaburoro hakufika mbali. Maji yalimrukia tena, akageuka na kurudi anachuruzika.

"Shemeji! Nakuomba kwa bubuti. Huyu samaki ni wangu, hilo lijulikane. Ila nitunzie wewe, kwako Temaiku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe! Mpaka tufe sote! Nipokee, mama, naloa!"

"Ombi la ndugu halikataliwi," akasema, akaipokea ndoo.

Ndani ya gari la binti yake nilicheka mpaka jino likanitoa machozi. "Shoga, wewe ni hatari! Umemtega tangu angani!"

Yeye hakucheka. "Sikumtega. Nilidhani anakwenda naye. Nilikuwa nimeshamuaga."

"Na kama kweli angekwenda naye?"

"Angekuwa hai Betio."

Nikamgeukia nimtazame vizuri, maana nilidhani ananificha ujanja. Alikuwa anajaribu kumchotea Katekista maji, akaikosa ndoo, nusu ya kikombe ikamwagikia sketi, ile moja aliyobaki nayo. Nilimpenda sana saa ile, na niliona haya kwa vicheko vyangu vyote vya kijijini. Nikamnyang'anya kikombe, nikachota na kumwaga mimi mpaka Temaiku.