Aliyekuwepo na Aliyeambiwa

Kazi ile ilinichosha hata kabla sijaianza. Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni pale Voi, darasa limefurika, vumbi jekundu mpaka kwenye chai, na nyumbani naishi na mama yangu, ambaye kila nikirudi kutoka safari yoyote alinipokea kwa swali moja kabla hata ya salamu: "Umepata mtu?"

Alitaka mtu wa kumwambia mahali alipolala mama yake. Watu wetu wa mlima wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Wajerumani, wakishutumiwa kwamba waliwasaidia maadui, wakapelekwa pwani upande wa Malindi. Wengi hawakufika. Bibi yangu alibaki njiani, nyikani. Mama alikuwa mtoto. Aliendelea na safari akishikwa mkono na shangazi yake, na shangazi naye akafia huko tulikopelekwa. Mimi nilizaliwa uhamishoni, nikaletwa mlimani nikiwa bado mdogo. Nilipokuwa nikimuuliza mama alichokiona siku ile, alijibu tu, "Nilikuwa mtoto, sikuona kitu," akabadilisha mazungumzo.

Kwetu mtu haachwi alikoangukia. Zamani wazee walifukua fuvu la marehemu wakaliweka pangoni pamoja na wenzake wa ukoo. Mama alikuwa Mkristo wa kukaa benchi la mbele, na padri angesikia habari ya fuvu angezirai. Alitaka udongo tu, wa kujaza mfuko mdogo aliokuwa ameushona kwa kitambaa cha gauni kuukuu, auzike kijijini Makwasinyi, kwenye shamba la kwao.

Chuoni mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba kuna ushahidi wa aliyekuwepo na ushahidi wa aliyeambiwa, na kwamba kabla hujaandika neno umuulize msimulizi yeye alikuwa wapi. Darasani lilikuwa jambo rahisi kweli. Mtu akiwa ameketi kivulini na ameshiba, historia haimsumbui.

Nilianza na kitabu, kwa uvivu. Padri aliniazima kimoja kilichotuhusu sisi kwa mistari michache, kwamba watu wa mlima ule walihamishwa kwa utaratibu mwema. Mwandishi wake, kwa maneno yake mwenyewe ukurasa wa kwanza, alishuka melini Mombasa baada ya vita kwisha. Huo utaratibu mwema aliuonea wapi? Nilikirudisha kwa adabu nikanyamaza, maana nilihitaji kazi yangu.

Basi ikabidi niende kwa wazee. Likizo zangu ziliishia huko: lori hadi Maungu, halafu gari lolote linaloelekea Kasigau, na lisipopatikana, miguu. Kila nilikobisha hodi nilipewa uji na kisa kilichokamilika. Mmoja alisema, "Tulimlaza kando ya korongo." Mwingine akasema, "Tulimwacha penye miiba, hapakuwa na nafasi ya kuchimba." Niliandika yote, na kila aliyeniambia aliapa.

Wa Makwasinyi ndiye aliyenitoa machozi. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole na mvi za mapema.

"Nilimbeba mimi, mwalimu," akasema. "Kwa mgongo huu. Alikuwa mwepesi, njaa ilikuwa imemmaliza. Nikamlaza chini ya mwamba mweusi, nikamfunika na mawe."

Nililia wazi, bila haya. Mwamba mweusi! Nikaona mfuko wa mama umejaa. Kisha, nikijifuta macho, nikakumbuka swali la chuoni, na mpaka leo sijui kama nimshukuru aliyenifundisha.

"Baba, wakati ule ulikuwa na umri gani?"

"Umri?" Alishangaa. "Wakati ule nilikuwa sijazaliwa."

"Sasa ulimbebaje?"

"Si babu ndiye alimbeba? Na mimi si ndiye nina jina lake?"

Hakuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na akishalipokea hupokea na njia alizopita babu, na mizigo aliyobeba. Nikauliza kama babu mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Hapana, babu alifia pwani. Alisimuliwa na mama yake. Na mama yake alikuwepo? Hapana, aliolewa katika ukoo ule huko huko uhamishoni. Nilimshukuru, nikamaliza uji.

Nilirudi kwa wote na swali lile lile. "Tulimlaza" ya huyu ilikuwa ya baba yake, "tulimwacha" ya yule ilikuwa ya ukoo mzima. Waliokuwepo kweli walikuwa wamekufa, au walitembea katika kundi jingine.

Niliporudi Voi mama alikuwa akichambua kunde.

"Umepata mtu?"

"Nimepata wengi, mama. Lakini hakuna aliyekuwepo."

"Na yule wa mwamba? Habari yake imeshafika mpaka hapa."

"Aliambiwa. Na aliyemwambia naye aliambiwa."

Aliendelea kuchambua. "Kwa hiyo nimebaki mimi."

"Umebaki wewe. Basi niambie wewe."

"Mahali sipajui, nisikudanganye," akasema. "Nilikuwa nikitazama visigino vya shangazi. Alinikaza mkono, akaniambia nitembee, nisigeuke, askari hawana subira. Halafu nikasikia mtu nyuma akiniita kwa jina langu la nyumbani. Akaniita tena. Sikugeuka."

Kunde zilikuwa zimeanguka mapajani mwake, hakuziokota.

"Kulikuwa na watu wengi nyuma yangu," akasema. "Nilifikiri labda utampata mmoja aliyesikia, aniambie haikuwa sauti ya mama yangu."

Nilikuwa nimezunguka mlima ule nikitafuta mahali, kumbe mama alikuwa akingoja sikio jingine lililosikia. Nami ndiye niliyerudi kumthibitishia, kwa elimu yangu yote, kwamba aliyesikia ni yeye peke yake.