Matundu ya Mwanga Katika Chumba cha Barafu

Siku ile ya kijijini Magara, kando ya ziwa, mdogo wangu, naikumbuka hadi harufu ya mbao zake. Juma lijalo unaanza kazi ya ujenzi. Mimi nimekutangulia kwa miaka michache tu, lakini nivumilie niseme kama mzee.

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni. Mama Riziki, muuza samaki, aliniomba nimjengee chumba kidogo cha kuhifadhi barafu, maana mukeke, samaki wake wa ziwani, walikuwa wakiharibika kabla wanunuzi wa Bujumbura hawajafika. Alisema chumba kikishindikana, anaacha biashara na kurudi kulima Bugarama. Maneno hayo yalininyima usingizi. Nilijenga kuta mbili za mbao, katikati nikashindilia pumba kavu za mpunga, zile zinazotupwa nje ya mashine za kukoboa. Nilikokotoa unene wa ukuta mara tano, kisha nikakokotoa tena kwa kuwa niliishuku ile ya tano.

Siku ya kwanza, barafu iliisha kabla ya saa sita mchana.

Nikaketi na daftari, nikitafuta kosa la hesabu. Mzee Amisi, fundi wa mashua aliyehamia kutoka ng'ambo ya ziwa, aliacha kazi yake akaja kusimama kando yangu.

"Binti, unaandikia nani? Barafu haijue kusoma."

Mama Riziki akacheka, lakini si kwa furaha. Mzee akaniambia niingie ndani ya chumba, akafunga mlango.

Giza. Kisha macho yakazoea, nami nikashika mdomo. Kando ya mlango, na kila mahali paa lilipokutana na ukuta, vitundu vya mwanga vilikuwa vimewaka, vingi hata nilianza kuvihesabu nikaacha. Uzi mmoja wa jua ulipita mbele ya uso wangu, vumbi likicheza ndani yake. Kilikuwa kitu kizuri mno, na kilikuwa kosa langu.

"Unaona nini?" mzee aliuliza kutoka nje.

"Naona jua, mzee."

"Basi na jua linakuona."

Alileta pamba iliyolowekwa mawese, ile anayozibia mashua, akanifundisha kuisukumiza kwenye nyufa kwa kijiti bapa. Niliposhindilia kwa hofu hadi pamba ikafurika, alinitania: "Polepole! Unaziba ao unalisha mutoto?"

Kesho yake asubuhi tuliweka barafu mpya, na saa tisa alasiri Mama Riziki alifungua mlango. Alichukua kipande cha barafu, akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Iko bado," alisema mwishowe. "Iko bado!"

Nje mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Hadi leo nashangaa: pumba na pamba, bila umeme wowote, zililizuia jua lote lile.

Sikuambii uache hesabu, mdogo wangu; ukuta wangu ulikuwa na unene wa kutosha. Nilijificha ndani ya daftari kwa sababu niliogopa mtu asiye na diploma ajue kwamba sijui. Ukijenga, ingia ndani ya kazi yako, ufunge mlango, utulie mpaka ikuonyeshe ilipokosea. Na uulize mapema, kabla samaki wa mtu hawajaoza.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Akukutanishe na watu wasioona haya kukusahihisha, na watakaoishi katika nyumba zako wapate ubaridi mchana na usingizi usiku.