Siku Nilipopigwa Ngumi ya Kilo Hamsini na ya Kilo Mia

Najua mmeshaisikia, na najua mmeisikia vibaya, kwa sababu hapa Kariakoo aibu ya mtu ikifika mtaa wa tatu inakuwa imeshaota mkia. Kuna mmoja anasema nilizirai (uongo, nilikaa tu chini), mwingine anasema nililia (hilo tuliache). Nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja, acha niseme mwenyewe, niaibike mara moja tuyamalize.

Mimi nauza viatu vya mitumba Mtaa wa Kongo, na ngumi nazipenda tangu utoto, yaani kuzitazama, maana kupigana sijawahi hata na ndugu zangu. Kijiweni kwetu pa kahawa wakanibandika jina la Profesa, nikalipokea kama mjinga. Ubishi wetu wa kila siku ulikuwa ule ule: bondia mdogo na bondia mkubwa, ukiweka uzito pembeni, nani mkali? Wenzangu wakisema mkubwa, kwani wakipandishwa ulingoni yule mdogo si ataokotwa kwa upawa? Mimi nasema hapana, hiyo ni kupima nyama, siyo kupima ngumi, inabidi uwafikirie wote wana mwili sawa, halafu uulize nani ana miguu, nani ana macho, nani anaumia na bado anafikiri. Maneno matamu, eti?

Basi Kocha Mbwana, mwenye klabu ya ngumi iliyo nyuma ya maghorofa, akaja kijiweni, akasema Jumapili alasiri kuna mapambano kiwanjani kwao na atatoa mkanda wa bondia bora wa klabu, uzito wote kwa pamoja, wanaume kwa wanawake.

"Mimi siwezi kuchagua, wote wanangu," akasema. "Profesa, wewe huna mtoto pale. Tuchagulie."

Kumbe ninaye. Waliobaki wakigombea mkanda walikuwa wawili: Zuhura, binti mwembamba wa kilo hamsini, muuza hijabu, mkimya, ana miguu kama ya paka, na Baraka, kilo mia na ushee, mchukuzi wa mizigo sokoni, mdogo wake mke wangu, anayekula na kulala kwangu. Ningesema tu, "Kocha, pale nina shemeji," ingeishia hapo hapo. Lakini wenzangu wote walikuwa wananitazama, vikombe vimesimama hewani, nikajisikia nikisema, "Niachie mimi."

Jioni mke wangu, Mama Rehema, ananitengea chakula, anauliza bila kuniangalia, "Nasikia wewe ndiye mwenye kuwapanga?"

"Ndiyo."

"Haya. Kula."

Mwanamke akikwambia "haya, kula" kwa sauti ile, ndugu zangu, chakula hakishuki.

Jumapili ikafika, watu wamejaa, wachukuzi wa soko zima wamekuja kumshangilia mwenzao. Nikapanda ulingoni, nikapewa maiki, nikamtaja niliyemwona moyoni mwangu kuwa ndiye: Zuhura. Wee! Zikapigwa mbinja, wengine wakasimama, mchukuzi mmoja akapaza sauti, "Kwa kigezo gani? Huyo dada atampiga Baraka?"

Hapo mtu mwenye akili anarudisha maiki na kushuka. Mimi nikaanza kufundisha. Nikasema siyo suala la kupigana, ni la kuwaza, tumchukue Baraka tumpunguze abaki nusu, na Zuhura tumwongeze, halafu tuone. "Unampunguzaje?" wakauliza. "Kwa msumeno?" Watu wakacheka, na mimi kuchekwa siwezi (sasa hivi naweza, nimezoea), nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikamwita.

"Baraka, nipige kama mtu wa kilo hamsini."

Akaja, uso umemshuka, maana nilikuwa nimeshamnyima mkanda. "Shemeji, wa kilo hamsini anapigaje?"

"Punguza mwili, ongeza akili."

Akarusha moja laini, nikainama, ikapita. Watu wakapiga makofi, na makofi yale ndiyo yaliyonimaliza, kwa sababu nikajiona bondia, nikaruka ruka na kiatu cha ngozi, nikamwambia, "Akili, Baraka! Bado hujaongeza akili!" Masikini, akanitii. Akazungusha kiuno vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na ngumi nikaiona inakuja kama unavyoona lori linakuja nawe umeganda katikati ya barabara, ikaniingia ubavuni, na kwa kuwa maiki ilikuwa bado mkononi, ile "Mama yangu nakufa!" ilisikika kwenye spika zote mpaka Msimbazi.

Nikapiga goti moja. Zuhura akanisogelea, nikadhani anakuja kuninyanyua. Akauliza kwa adabu zote, "Profesa, na mimi nipige kama nina kilo mia?"

Pumzi ya kujibu sina. Nikanyoosha mkono kusema hapana.

"Amekubali!" akasema Kocha Mbwana.

Ngumi hiyo sikuiona. Hata leo sijui ilitokea wapi. Nilichojua ni kwamba nimekaa, miguu imenyooka mbele yangu kama mtoto anayesubiri uji, na mtu ananiwekea maiki mdomoni ananiuliza, "Sasa Profesa, nani wa kwanza?" na spika zinatoa kuhema tu.

Kutembea sikuweza. Wachukuzi, wale wale waliokuwa wananizomea, wakaleta mkokoteni, wakanilaza, Baraka akavuta mbele na bukta yake ya ulingoni, Zuhura kando amebeba viatu vyangu na mkanda wake begani, tukakatiza mitaa kurudi kwangu Mchafukoge huku wanapaza, "Pisha! Pisha mzigo!" Wateja wangu wananiona. "Profesa, nani kakupiga?" Zuhura anajibu, "Wote wawili," kwa unyenyekevu, kama anayetoa pole. Jirani yangu Mhindi wa ghorofa ya kwanza akachungulia dirishani, akatikisa kichwa, akafunga dirisha taratibu.

Mama Rehema alikuwa mlangoni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mkanda kachukua nani?"

"Zuhura," nikasema.

"Basi akukande huyo huyo Zuhura." Akaingia ndani.

Aliyenikanda ni Baraka. Maji ya moto na chumvi, kitambaa, mikono ile mikubwa inayobeba magunia, anakanda kama anashika yai. Akakichovya kitambaa, akasema, "Shemeji, mimi sikatai, Zuhura ni mkali. Lakini wasichana wa uzito wake wapo, kila mara anapata wa kupigana naye, watu wanamwona. Mimi wa uzito wangu Bongo hii nawapata wapi? Nafanya mazoezi mwaka mzima napanda ulingoni mara moja, na huyo mmoja mwenyewe mlevi. Umenipima kwa watu gani?"

Nyinyi, nilikuwa na majibu ya kila kitu pale kijiweni, lakini hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao: "Ngumi yako niliiona, nikashindwa kuikwepa. Yake sikuiona kabisa."

Mikono ikasimama. "Sasa ipi ndiyo kali?"

"Sijui, Baraka. Kwa kweli sijui."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akakikamua kitambaa, akakichovya tena. Dada yake alikuwa amesimama kwenye pazia, na baadaye chai ililetwa, vikombe viwili, na changu kilikuwa na sukari.

Kwa hiyo mimi basi. Mkinikuta natazama ngumi nitawaambia nani kashinda na nani kashindwa siku hiyo, nikomee hapo. Kazi ya kumpanga mtu juu ya mwenzake ambaye hajawahi kukutana naye ulingoni wala hatakutana naye, nimewaachia wenye mbavu.