Lenzi ya Pili

Kila asubuhi, hapa kwenye kliniki yetu ya macho mjini Plovdiv, muuguzi wa upasuaji huvua pete na kuifunga kwenye leso. Lenzi ya bandia huishika ukingoni kwa kibano, kamwe si katikati, mahali mgonjwa atakapoonea, kisha huilaza taratibu ndani ya kifaa cha kuiingizia jichoni. Jana, mgonjwa wetu Bibi Radka akiwa amelazwa kwenye meza ya upasuaji, muuguzi aliitupa lenzi ghafla na kuomba nyingine.

“Dada, leo unachagua nyanya sokoni?” daktari alimtania.

“Nisubiri, Daktari.”

“Msigombane, wanangu,” bibi alinong'ona. “Jicho nililobakiwa nalo ni hili tu.”

Baadaye nilimuuliza muuguzi kama lenzi ilikuwa na mkwaruzo.

“Sikuuona,” alisema, akifungua leso. “Lakini kibano kiligusa katikati.”